Mwezi wa Tatu na Bado Anachora Vijiti: Darasa la Kwanza Wanafundishwa Nini Hasa?

Kila mwaka ikifika Machi, kundi letu la wazazi la WhatsApp huwaka moto. Safari hii aliyewasha kiberiti ni mzazi mmoja aliyepiga picha daftari la mwanawe wa darasa la kwanza. Ukurasa mzima ni vijiti: vilivyosimama, vilivyolala, vilivyoinama kama migomba baada ya upepo, na mstari wa mwisho nusu duara zimepangwa kama vipande vya tikitimaji. Chini ya picha akaandika: "Jamani, mwezi wa tatu huu. Mtoto wa jirani yuko shule ya Kiingereza, anasoma mpaka mabango ya barabarani. Wetu wanachora vijiti. Hivi huyu mwalimu anafundisha nini?"

Majibu yakamiminika. Mmoja akasema walimu wa siku hizi wanachezea simu tu. Mwingine akalaumu mtaala mpya. Babu mmoja, ambaye yumo kundini kwa ajili ya mjukuu, akakumbusha kwamba enzi zake wiki ya kwanza ilitosha kumaliza a-ba-cha-da yote, kwa wimbo na kwa fimbo. Mimi sikuandika kitu, maana binti yangu yuko darasa hilo hilo na daftari lake lilikuwa na vijiti vile vile. Niliomba ruhusa, asubuhi moja nikaenda kukaa dawati la nyuma, magoti kidevuni, nijionee. Mengine nimeyatoa kwa dada yangu, ambaye amefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na ukimtajia vijiti hucheka kabla hujamaliza sentensi.

Mtaala umebadilika au haujabadilika?

Maneno kwanza, kwa sababu nusu ya ugomvi iko humo. Mtaala ni mpango wa nchi nzima unaosema mtoto wa umri fulani ajue nini na aweze kufanya nini. Muhtasari ni mpango huo ukishakatwakatwa kwa somo na kwa darasa. Kitabu cha kiada ni chombo tu cha kumfikisha mtoto huko. Kwa Tanzania Bara vyote hivyo huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ile tunayoiita TET.

Halafu kuna KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Tunaitamka kana kwamba ni somo moja, kumbe ni stadi tatu, na stadi si sawa na habari. Habari unaijua kwa kuambiwa: ukishaelezwa kwamba Kilimanjaro ndio mlima mrefu kuliko yote Afrika, umekwishajua. Stadi haiji hivyo. Hakuna aliyejua baiskeli kwa kuelezwa. Mtu anapanda, anayumba, anachubuka goti, siku moja anajikuta amefika dukani bila kushikwa. Darasa la kwanza karibu lote ni baiskeli.

Na ndiyo, mtaala umebadilika, tena mara mbili ndani ya miaka kumi. Kabla ya 2015 mtoto wa darasa la kwanza alikuwa na rundo la masomo; sayansi imo, stadi za kazi zimo, Kiingereza kimo. Wakati huo huo tafiti za Uwezo, mradi unaopima watoto kusoma na kuhesabu, zilizoanza kutolewa mwaka 2010, zikawa zinaanika jambo la aibu: watoto wengi wa darasa la tatu walishindwa kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Walikuwa wamefundishwa sayansi kwa vitabu wasivyoweza kuvisoma. Ndipo mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili yakapunguziwa mzigo, asilimia 80 ya muda wa masomo ikaelekezwa kwenye KKK.

Mabadiliko ya pili yalianza Januari 2024, yakianzia elimu ya awali, darasa la kwanza, darasa la tatu na kidato cha kwanza. Hapo ndipo elimu ya msingi inaposhuka kutoka miaka saba hadi sita, kwa hiyo aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2024 atamaliza darasa la sita mwaka 2029. Kiingereza kimerudi darasa la kwanza kama somo. Kuna pia afya na mazingira, na utamaduni, sanaa na michezo. Ila kiini hakikuguswa. Mwalimu wa darasa la kwanza akiamka asubuhi, kinachomwondoa kitandani bado ni KKK. Vijiti havikuletwa na mtaala mpya. Babu wa kundini naye alivichora, ila kasahau.

Jina lake mbuzi, sauti yake mee

Kusoma ndiko penye utata mkubwa, basi nikae hapa kidogo.

Mbuzi jina lake ni mbuzi, lakini akilia hasemi "mbuzi". Anasema mee. Herufi nayo ina jina na ina sauti, na hivyo ni vitu viwili. Sisi wengi tulilelewa na wimbo wa "a, ba, cha, da, e, fa, ga". Ni wimbo mtamu, na una kazi yake baadaye, kwenye kamusi kwa mfano. Sasa mpe mtoto anayejua wimbo huo peke yake neno "mimi". Herufi ya kwanza anaijua kama "ma", ya pili "i", ya tatu "ma", ya nne "i". Atasoma "ma-i-ma-i". Aliyefundishwa na katuni za Kiingereza atasoma "em-ai-em-ai". Wote wawili wametaja herufi bila kosa hata moja, na hakuna aliyesoma neno.

Ndiyo maana mwalimu wa siku hizi haanzi na majina. Anafunga midomo na kuguna "mmm", darasa zima linaguna naye kama mzinga wa nyuki. Kisha "mmm" anaisogeza karibu na "a", polepole, mpaka zinagongana: mmm-a, mm-a, ma. Mzazi anayepita dirishani anasikia watoto wanaguna na kuzomea kama nyoka (hiyo ni "sss"), anakwenda kuandika kundini kwamba watoto wanacheza. Kwa kweli wanafanya kazi ngumu kuliko zote za mwaka ule: wanagundua kwamba neno, ambalo tangu kuzaliwa walilisikia kama kitu kizima, linavunjika.

Usidhani ni jambo la wazi. Muulize mtoto wa miaka mitano neno "samaki" linaanza na nini, anaweza kukujibu "kichwa". Kwake samaki ni samaki. Darasani nilipokaa, dakika kumi za kwanza hakuna aliyefungua kitabu. Mwalimu alitaja maneno na watoto wakapiga kofi kwa kila silabi: ku-ku, makofi mawili; sa-ma-ki, matatu; ka-ra-nga, matatu. Silabi ni kipande cha neno kinachotamkwa kwa pumzi moja, na Kiswahili kimejaliwa silabi zinazosikika vizuri, kwa kuwa nyingi huishia na irabu, yaani a, e, i, o au u. Irabu hizo ni tano, kila moja na sauti yake, haibadiliki leo wala kesho. Kwa irabu tano na herufi m, b na k, mtoto anajenga mama, baba, kaka, bibi, babu, mimi na kuku. Familia nzima hiyo, na kitoweo uani. Herufi zinachaguliwa kwa jinsi hiyo, kwa manufaa, hazifuati foleni ya alfabeti. Mtoto wako akijua "k" na hajaijua "ch", hajaruka kitu.

Kiswahili kina mitego yake pia, na inafika katikati ya mwaka, pale wazazi wanaposhangaa mtoto "aliyekuwa anakwenda vizuri" ameanza kukwama. Chukua m. Kwenye "mtoto" inasimama peke yake kama silabi: m-to-to, makofi matatu. Kwenye "mbuzi" inaegemea b: mbu-zi, makofi mawili. Haya, "mbu" je, yule anayeuma? M-bu. Makofi mawili, na m ndiyo inayobeba mkazo. Herufi tatu zile zile zilizo mwanzoni mwa mbuzi, lakini zinatamkwa vingine. Mtu mzima hajawahi kuliona hilo maishani. Mtoto wa miaka sita linampiga usoni. Ongeza "ngoma" na "ng'ombe", ambavyo vinatofautishwa na kialama kidogo kinachoning'inia juu, ongeza "nywele" na "mchwa", utaelewa kwa nini Agosti huwa na machozi.

Nilimwona mtoto mmoja ubaoni akisoma "mu-to-to". Wenzake wakacheka. Mwalimu hakumkemea wala hakumpa jibu. Alimwambia, "Funga midomo. Usiifungue mpaka ufike kwenye t." Mtoto akafunga, akavimba mashavu, akafungua: "M-toto." Akaangalia huku na huku kama aliyepata hela chini.

Hapo nifungue mabano nijisute. Mwezi wa pili binti yangu "alisoma" kitabu kizima mbele ya wageni. Kilikuwa na mpira, na mbwa, na mtoto anayelia. Nikavimba kichwa. Siku iliyofuata akasoma tena, akafunua kurasa mbili kwa mpigo bila kujua, na mdomo ukaendelea kusoma ukurasa uliorukwa, neno kwa neno, huku macho yakiangalia picha nyingine kabisa. Alikuwa amekariri. Si kosa, watoto hukariri kila kitu, lakini ni kariri, si kusoma. Ukitaka kujua tofauti ziba picha kwa kiganja, kisha weka kidole kwenye neno la katikati ya sentensi. Anayesoma atahangaika nalo na kulipata. Aliyekariri ataomba kuanza tangu mwanzo.

Baada ya silabi na maneno kuna daraja jingine ambalo wazazi hulisahau, nalo ni wepesi. Mtoto anaweza kutamka "ma-ma a-na-pi-ka wa-li" yote sawasawa, ukimuuliza mama anapika nini, anakukodolea macho. Hajazubaa. Ni kama kubeba maji kwa kikombe kilichotoboka: ukitembea polepole mno, ukifika nyumbani kikombe ni kitupu. Alipofika "wali" alikwishampoteza "mama" njiani. Ndiyo maana mwalimu anarudia ukurasa ule ule siku tatu. Hajaishiwa, anataka mtoto aongeze mwendo kabla maji hayajaisha.

Vijiti vyenyewe

Nenda kwa fundi cherehani yeyote mwenye mwanafunzi. Wiki za mwanzo mwanafunzi hapewi kitenge cha mteja. Anapewa vipande vya kitambaa kibovu, wengine karatasi tu, apige mistari iliyonyooka, kisha apige kona. Hakuna anayepita na kusema "huyu fundi anamfundisha kushona karatasi". Tunajua mkono unazoezwa.

Sasa angalia herufi ndogo b: kijiti kilichosimama na nusu duara. Herufi n: kijiti na upinde. Herufi v na w ni vijiti vilivyoinama. Vile vilivyojaa kwenye daftari la mzazi mwenzangu ni herufi zilizofunguliwa bolti, zikisubiri kuunganishwa. Walimu wanaita kazi hiyo kuumba herufi. Humo mtoto anajifunza pia kushika penseli kwa vidole vitatu, kukaa bila kulalia daftari, kuanza kushoto kwenda kulia, na kusimamisha mkono kwenye mstari. Hili la kushoto kwenda kulia si dogo kwa watoto wa pwani, ambao mchana huenda chuoni, yaani madrasa, na kukutana na alifu, be, te zinazokwenda kulia kwenda kushoto. Wanazimudu zote mbili, nisieleweke vibaya. Watoto wana uwezo wa ajabu. Ila wiki za mwanzo usishangae ukikuta jina limeandikwa kinyumenyume.

Na b na d kugeuzwa? Kila mwaka kuna mzazi anayeamini mtoto wake ana tatizo la ubongo. Fikiria hivi: tangu azaliwe, mtoto amejifunza kwamba kikombe ni kikombe hata mkono wake ukielekea kushoto, kulia au chini. Mbuzi akigeuka hawi ng'ombe. Ghafla shuleni anakutana na vitu ambavyo ukivigeuza vinabadilika jina: b ikigeuka ni d, d ikipinduliwa ni p. Kwa nini akubali upesi? Katika miaka sita na saba kugeuza huko ni kawaida, na kwa wengi kunakwisha wenyewe. Ukiona kunaendelea miaka na mambo mengine ya kusoma yamekwama, hapo tafuta ushauri. Na kabla ya yote mpime macho na masikio. Dada yangu anasema amewahi kuhangaika na "mtoto mzito" muhula mzima, kumbe alichohitaji ni kuhamishiwa dawati la mbele.

Anayeandika kwa mkono wa kushoto mwache aandike kwa kushoto. Sina la kuongeza.

Jambo moja zaidi kuhusu madaftari. Kunakili na kuandika ni vitu viwili. Daftari lililojaa mwandiko mzuri wa sentensi zilizotoka ubaoni linaweza kuwa mchoro mtupu: mtoto kachora "Baba analima shamba" kama ambavyo wewe ungechora Kichina. Nami nimewahi kuona daftari la namna hiyo, zuri kama kalenda, mwenye nalo hajui hata neno moja. Kuandika kunaonekana pale mwalimu anapotoa imla, au mtoto anapoandika lake kichwani. Akiandika "cai" akimaanisha chai, au "gombe" akimaanisha ng'ombe, usikimbilie kalamu nyekundu. Amesikia neno, amelivunja, amelitafutia herufi alizonazo. Kosa lake lina akili ndani yake, kuliko usahihi wa kunakili.

Kumi na saba ni 107

Kuhesabu nako kuna wimbo wake. Mtoto anaimba moja hadi mia bila kukohoa, wageni wanapiga makofi, tunasema anajua hesabu. Weka vifuniko saba vya soda mezani umwambie ahesabu. Mara nyingi mdomo unakimbia kuliko kidole. Kidole kiko cha tano, mdomo umefika nane. Akipata saba kwa haki, vitawanye mbele yake, uulize sasa viko vingapi. Akihesabu upya, bado hajaamini kwamba saba inabaki saba hata ikitawanyika. Akikujibu "saba" bila kugusa, amevuka mto.

Ndiyo maana shule inaomba vijiti, kokoto na vifuniko, na wazazi wengine wanaona ni usumbufu wa bure.

Kuna kosa moja napenda kulieleza kwa sababu lilinifanya nimheshimu mtoto. Mwalimu alisema, "Andikeni kumi na saba." Dawati la jirani yangu mtoto akaandika 107. Mzazi angesema hajui kitu. Lakini sikiliza neno lenyewe: kumi, halafu saba. Aliandika kumi, 10, kisha akaandika saba, 7. Kaandika alichosikia! Asichokijua bado ni kwamba kwenye maandishi ile sifuri inampisha saba kiti chake. Mwalimu alichukua vijiti kumi, akavifunga na mpira kuwa fungu moja, akaweka vingine saba pembeni. Fungu moja, vijiti saba. Moja, saba. Fungu ni makumi, vilivyo nje ni mamoja. Hilo ndilo jambo kubwa la hesabu za mwaka mzima, na mengine yote ya baadaye, kujumlisha kwa kuchukua na kutoa kwa kukopa, yanasimama juu yake.

Kiswahili hapa kinamsaidia mtoto kisha kinamwacha njiani. Kumi na moja, kumi na mbili: neno lenyewe linakueleza kilichomo. Ukifika ishirini mlango unafungwa. Ishirini, thelathini, arobaini na hamsini zimetoka Kiarabu, na hakuna kitu ndani ya "arobaini" kinachomnong'oneza mtoto kwamba humo mna kumi nne, wala ndani ya "hamsini" kwamba mna kumi tano. Mbele kidogo anapata ahueni: sita na sitini, saba na sabini, tisa na tisini zinafanana, kwa kuwa sita, saba na tisa nazo ni za Kiarabu. Kisha nane inaleta themanini, tunarudi gizani. Mtoto anayekwama hapo kakwama kwenye majina. Mpe mafungu ya vijiti, utaona anajua.

Na kuna wale wanaotumwa dukani. Anakwenda na noti ya elfu moja, anarudi na sukari na chenji kamili, ila darasani 8 kutoa 3 inamshinda. Mama yake anasema mwalimu ndiye tatizo. Huyo mtoto anajua kutoa, hajajua tu kwamba kile kimstari kidogo kati ya namba mbili ni kile kile anachofanya dukani. Kazi iliyobaki ni kumwonyesha.

Kiingereza, na lugha za nyumbani

Mtoto wa jirani na mabango ya barabarani. Inawezekana kweli anasoma, wapo. Inawezekana pia anatambua rangi na umbo la bango la soda, kama watoto wote wanavyotambua. Kiganja na kidole vitakwambia.

Katika shule za mchepuo wa Kiingereza, KKK yenyewe hufundishwa kwa Kiingereza. Katika shule nyingi za serikali lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na Kiingereza cha darasa la kwanza ni somo: salamu, nyimbo, majina ya vitu. Kuna sehemu moja zinapogongana. Jina la Kiingereza la herufi e linasikika kama i yetu, na jina la a linakaribia e yetu, na i wanaiita "ai". Mtoto anayelishwa majina hayo nyumbani huku shuleni anafundishwa sauti za Kiswahili, akikutana na "meza" anaweza kusoma "miza". Hajaharibika. Msaidie kwa kutochanganya: jioni ya Kiswahili iwe ya Kiswahili.

Mzigo mzito zaidi haumo mjini hata kidogo. Mtoto aliyekulia Kimaasai au Kisukuma akiingia darasa la kwanza anajifunza lugha na kusoma kwa pamoja. Anaweza kutamka ka-ra-tu-si bila kosa na asijue ni mti. Kenya sera yao inataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo husika. Sisi tumeshika Kiswahili toka mwanzo, kwa sababu za kihistoria ambazo wengi tunazipenda. Lakini tusimwite mtoto yule mzito. Anabeba ndoo mbili.

Sekunde kumi na tano

Kuna mambo ambayo hayaingii kwenye daftari lolote. Kusimama mstarini. Kuamkia "Shikamoo mwalimu" na kungoja marahaba. Kuomba ruhusa ya kwenda chooni kabla mambo hayajaharibika, na kunawa ukitoka. Kulinda penseli yako kati ya mikono mingi. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30, na kwa mtoto aliyezoea kukimbia uani siku nzima, kukaa dakika 30 ni somo lenyewe.

Dakika hizo 30 ndizo zinazonirudisha kwenye hasira ya mzazi mwenzangu. Nadhani ana haki ya kukasirika, ila kakosea shabaha. Tangu Januari 2016 elimu ilipotolewa bila ada, uandikishaji wa darasa la kwanza uliongezeka sana, na ni jambo jema, wapo watoto waliokuwa wanabaki nyumbani kwa kukosa michango. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Nilipokaa mimi nilihesabu 120. Gawanya dakika 30 kwa watoto 120: kila mmoja anapata sekunde kumi na tano. Kusoma kunafundishwa kwa kumsikiliza mtoto akisoma. Kwa sekunde kumi na tano utamsikia akifika wapi? "M-to..."

Hapo ndipo pa kuuliza maswali kwenye kikao cha wazazi: madarasa mangapi yanajengwa, mkondo wa pili unaanza lini, vitabu vya kusoma viko vingapi kwa dawati moja, na je, vinaruhusiwa kwenda nyumbani. Vijiti vinaweza kungoja. Hata Baraza la Mitihani linapima KKK mwishoni mwa darasa la pili, si la kwanza. Kwa maana hiyo Machi ya mwaka wa kwanza mtoto yuko kwenye mlango wa safari ya miaka miwili.

Nyumbani kwetu tunafidia zile sekunde kwa dakika kumi za jioni, kabla ya taarifa ya habari. Hatuna ratiba ya maana. Tunasoma mfuko wa unga, tunasoma paketi ya chumvi, tunabishana kama chumvi ni makofi mawili au matatu. (Mawili: chu-mvi. Baba yake bado anang'ang'ania matatu.)

Wiki iliyopita nimeamka nikakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa friji kwa ubani uliotafunwa. Mwandiko umepanda kama ngazi, d imegeukia upande wake wa kawaida, yaani usio sahihi: "MAMA usisau kununua peseli na bafutari". Nilisoma mara mbili. Nikanunua penseli mbili na daftari moja, la mistari mikubwa.